Mazoezi kwa Miguu Isiyohisi

Sista wa kliniki ya sukari ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wagonjwa wapya wakiambiwa waanze mazoezi wanarudi nyumbani na hofu, na wengine wanarudi kwake na vidonda, na mimi nimepitia yote mawili. Nilimwambia mimi si mwandishi, ni karani. Akasema karani anatosha. Kwa hiyo kama daktari amekuandikia mazoezi ya moyo na pumzi, na nyayo zako zina ganzi kama zangu, haya ndiyo yaliyonipata. Sitakueleza sukari hufanya nini ndani ya mwili. Hayo ulishaelezwa, na pengine hukuyasikia, kama mimi.

Naitwa Mama Faith. Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi katika ofisi ya mawakala wa forodha hapa Malaba. Madereva wanaleta karatasi zao, mimi nazipitia na kuziingiza kwenye kompyuta, wao wanarudi kungoja kwenye foleni ya malori. Ni kazi ya kukaa. Asubuhi chai na mandazi, mchana matoke kutoka kwa mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, jioni soda ya kuondoa usingizi. Mwili ulinenepa polepole hata sikuuona.

Ganzi nayo ilikuja polepole. Kwanza nilihisi kama nimevaa soksi hata nikiwa miguu mitupu. Halafu asubuhi moja nilikuwa nakaribia mlango wa ofisi, mama anayeuza njugu akaniita kutoka upande wa pili wa barabara.

"Mama Faith! Umeacha kiatu!"

Niligeuka. Kandambili yangu ya kulia ilikuwa katikati ya barabara, na mimi nilikuwa nimetembea bila hiyo hatua kama ishirini. Nilirudi nikaichukua. Watu walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikaingia ofisini nikafanya kazi hadi jioni. Lakini nilijua. Nyumbani kwetu Amagoro ganzi ilikuwa imeshaingia mara moja, ikachukua mguu.

Mume wangu, Baba Faith, alikuwa dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, wakati mwingine Juba. Sukari ilimpata kabla yangu. Safari moja msumari ulitoboa kiatu chake mahali fulani baada ya Eldoret. Alifika Malaba, akapanga foleni siku mbili, akila na kulala ndani ya gari, na hakujua kama ana msumari mguuni. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Mwajiri wake akampa mkono wa kwaheri. Tangu siku hiyo alikaa barazani na redio, akihesabu malori kwa sauti ya injini. Mguu wa kulia, ambao bado anao hadi leo, alikuwa haruhusu mtu auguse. Alioga mwenyewe, akavaa soksi mwenyewe, akafunga mlango.

Daktari aliponiambia kwamba na mimi nina sukari, nilisema sawa. Aliniuliza kama nina swali. Nilisema sina. Nilipanda gari nikarudi kazini. Nilikuwa nangoja nilie, hata nikaenda chooni nikasimama kidogo, lakini machozi hayakuja. Nikaosha mikono nikatoka.

Ilikuwa Januari, vumbi limejaa Malaba. Kwenye kadi yangu daktari alikuwa ameandika vidonge viwili, na chini yake, mazoezi ya moyo na pumzi, nusu saa, siku tano kwa wiki. Nilijaribu kutembea kando ya barabara. Ukiijua Malaba unajua kando ya barabara kuna nini: vipande vya chupa, nyaya za matairi yaliyochomwa, mawe, bodaboda zinazotokea kwa nyuma. Mtu anayehisi nyayo zake anavuka hayo yote bila kufikiri. Mimi nililazimika kutazama chini kila hatua, kama mtu aliyepoteza sindano. Mwenzangu wa ofisini akaniambia kuna jimu juu ya duka la vigae, sakafu ni safi, hakuna mawe.

Nilimwambia Baba Faith siku hiyo hiyo nikiwa namwekea chakula.

"Unaenda kukimbia mahali pamoja," alisema. "Unalipa pesa ndio ukimbie mahali pamoja."

"Ni daktari amesema."

"Haya. Kimbia. Wewe uko na miguu."

Akavuta sahani yake. Kwa miezi mingi tulikuwa tukiongea tu habari za chumvi, maji, na kama Faith amepiga simu kutoka chuoni Kakamega. Nilimpikia, nikamfulia. Hakunitukana, na mimi sikumlaumu. Tulikuwa tu kama wapangaji wawili wa nyumba moja.

Jimu yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mashine mbili za kukimbilia, baiskeli tatu zisizokwenda popote, vyuma, na kioo chenye ufa. Mwalimu alikuwa mama aliyestaafu uaskari wa magereza, nywele fupi zenye mvi, na kila mtu alimwita Afande. Alinikalisha kwenye benchi akafungua kitabu.

"Mama, mwili uko na shida gani?"

"Presha kidogo."

"Magoti? Mgongo? Miguu?"

"Iko sawa."

Hapo ndipo nilipokosea, na naomba usome sentensi hii mara mbili. Nilidanganya. Niliogopa nikisema miguu, atanirudisha nyumbani, na kule nyumbani sikuwa na mahali pa kufanyia kile kilichoandikwa kwenye kadi. Nilitaka tu kumaliza kilichoandikwa, kama ninavyomaliza karatasi za dereva.

Afande aliniwekea dakika kumi za kutembea polepole. Akienda kuangalia wengine, mimi niliongeza. Wiki ya kwanza nikafika dakika ishirini. Wiki ya pili nilikuwa nakimbia kidogo kidogo, nusu saa nzima. Wanawake wenzangu walishuka wakishika visigino, wakisema miguu inawaka moto. Yangu haikulalamika hata siku moja. Nilidhani huo ni uimara.

Siku ya kumi na moja stima ilipotea. Mashine ilisimama ghafla na mimi sikusimama. Nilijigonga kifua kwenye ule mshikio wa mbele, nikaanguka kwa goti. Afande alikuja mbio.

"Umeumia wapi?"

"Niko sawa. Ni kifua tu."

"Na hii damu ni ya nani?"

Kwenye ule mkanda mweusi wa mashine kulikuwa na alama, moja, mbili, nyingi, zimepangana kama mhuri. Niliwatazama wanawake wengine, nikitafuta aliyeumia. Afande alikuwa anatazama kiatu changu. Alikivua mwenyewe. Soksi ilikuwa imelowa hadi kisiginoni. Raba zangu zilikuwa za mtumba, na kitambaa cha ndani kilikuwa kimebanduka, ukingo wake mgumu umelima kidole kikubwa siku zote hizo. Ngozi ya juu haikuwepo. Kucha ilikuwa inaning'inia.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Afande alikaa chini sakafuni, kiatu changu mkononi.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alinifunga kwa bandeji, akaniagiza niende hospitali asubuhi. Sikwenda. Sijui nikwambieje sababu. Nilijua vizuri kuliko wengi nini hutokana na kidonda kama kile, na bado niliamka, nikakiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga kitambaa, nikaenda kazini. Siku ya pili vilevile. Ni kama kidole kilikuwa cha mtu mwingine, na yeye ndiye aliyepaswa kwenda.

Siku ya tatu nilikuwa napita mbele ya Baba Faith na sufuria.

"Mama Faith. Simama hapo."

Nilisimama.

"Najua hiyo harufu," alisema. "Mimi nilikaa nayo kwa gari. Leta mguu."

"Ni kitu kidogo."

"Hata yangu ilikuwa kitu kidogo!"

Aligonga sakafu kwa mkongojo hadi redio ikaanguka. Sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda tangu akatwe. Nilikaa, nikafungua kitambaa. Alitazama kwa muda mrefu bila kugusa. Kisha akaniambia nitafute shati lake safi, kwa sababu asubuhi tunaenda hospitali, Busia.

Hakuwa amerudi katika hospitali ile tangu siku aliyotoka bila mguu. Tulifika watu wakiwa wameshajaa. Benchi la kliniki ni refu na kila anayeitwa wengine wanasogea, kwa hiyo unakaa asubuhi nzima ukiteleza kuelekea mlangoni. Watu walipomwona na mikongojo walisimama wampishe.

"Kaeni," aliwaambia. "Mgonjwa ni huyu. Mimi nimemsindikiza tu."

Sista aliosha kidonda, akachukua kijiti chenye uzi mgumu mfano wa uzi wa kuvulia samaki, akanigusa nacho hapa na pale nikiwa nimefumba macho. "Hapa unahisi? Na hapa?" Nilijibu hapana mara nyingi hadi nikaona haya, kama mtoto asiyejua jibu darasani. Halafu nikatumwa picha ya mfupa. Tulingoja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Baba Faith alitoka, akarudi na mayai mawili ya kuchemsha yenye kachumbari, akanipa yote mawili. Nikamrudishia moja. Alilila akitazama ukuta.

Daktari alisema mfupa ni mzima. Alisema kidonda ni kibaya lakini mmekuja mapema. Nilimshukuru. Nilipogeuka Baba Faith hakuwepo. Nilimkuta nje ameegemea nguzo, mikongojo imeanguka chini.

"Tumekuja mapema," alisema.

"Ndiyo."

"Amesema mapema."

"Amesema."

Nilimwokotea mikongojo tukaenda kutafuta gari.

Baada ya hapo nilisafishwa kidonda kila baada ya siku moja. Mvua ndefu zikaanza. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka alikuwa akinifunga mguu kwa karatasi ya nailoni kabla hatujaondoka, bila mimi kumwomba, na alikuwa akipita matopeni polepole. Nilizijua nyuso za benchi. Kulikuwa na mzee wa Butula aliyenisalimia kila mara kama mtu wa ukoo wake, kisha wiki moja hakuja, na hakuja tena. Sikuuliza. Mahindi yaliyopandwa na mvua hizo yalitoa mbelewele, yakakomaa, watu wakaanza kuchoma mabichi kando ya barabara, na ndipo sista akasema kesho usije. Kidole kilikuwa kimefunga. Kilibaki kimepinda kidogo, na kucha haikuota tena.

Lakini kadi ilikuwa na maneno yaleyale, nusu saa, siku tano. Sukari ilikuwa imepanda kwa kukaa kule kote. Daktari alisema ganzi sio sababu ya kutofanya, ila ni sababu ya kufanya kwa adabu. Sikutaka. Sikukataa pia. Nilienda.

Afande aliniona mlangoni akazima muziki.

"Leo utaniambia ukweli ama urudi nyumbani."

Nilivua viatu na soksi, nikamwekea miguu yote miwili juu ya benchi mbele ya watu. Nikamwambia kila kitu, hata habari ya kandambili. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo mashine ya kukimbia sahau kwanza," alisema. "Inataka mguu unaojua uko wapi. Wewe utakaa kwa baiskeli."

Dakika nane. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimefika nusu saa na sasa napewa dakika nane nikiwa nimekaa. Afande alisimama karibu akiniuliza habari za ofisini, nikajua baadaye kwamba alikuwa anapima pumzi yangu. Nikijibu vizuri, sawa. Nikianza kukata maneno katikati, ananipunguzia. Kila wiki aliniongezea dakika mbili tu, na kama wiki hiyo nilikuwa na homa au sikulala, hakuongeza. Nilimwambia najisikia naweza zaidi. Alisema, "Wewe hujisikii, mama. Ndiyo maana uko hapa na mimi." Hakusema kwa ubaya.

Nilinunua raba mpya, nikazinunua jioni kwa sababu jioni miguu huwa imevimba, na nikazichagua kwa mkono, nikipapasa ndani yote. Hadi leo sivai kiatu kabla sijaingiza mkono. Nimekuta kokoto, nimekuta kifuniko cha kalamu, siku moja nimekuta mende. Soksi ni nyeupe ili damu ikitoka ionekane, na nazivaa nje ndani ili ule mshono usinikwaruze. Watu wa jimu walinicheka hadi wakazoea.

Mara moja tu mambo yaliharibika tena. Nilikunywa vidonge nikaenda bila kula, mteja alikuwa amenichelewesha. Dakika ya kumi na mbili mikono ikaanza kutetemeka na kioo kile chenye ufa kikawa viwili. Nilimwambia Afande. Nilimwambia mara hiyo hiyo, na hilo ndilo jambo pekee katika simulizi hii ninaloona nililifanya vizuri. Alinipa soda, ile ile niliyokatazwa, akanishikia chupa. Tangu hapo natembea na peremende mfukoni na sipandi baiskeli na tumbo tupu.

Mvua za pili zilipofika nilikuwa kwenye dakika ishirini na sita. Mapaja yalikuwa magumu. Sketi za ofisini zikawa zinazunguka kiunoni. Nilipanda ngazi za duka la vigae bila kushika ukuta, nikagundua nikiwa nimeshafika juu. Kwenye kliniki namba zilikuwa zimeshuka, sista akapiga makofi. Ningependa kukuandikia kwamba nilifurahi. Watu wanaotoa ushuhuda husema waliona maisha mapya. Mimi niliona baiskeli, ukuta, saa. Nilikanyaga, nikashuka, nikaenda nyumbani. Watu wakiniuliza kama najisikia vizuri nasema ndiyo, ili waendelee na shughuli zao. Nakuambia hivi ili usiache kwa sababu furaha haijaja. Mimi niliendelea bila hiyo.

Kilichonisumbua ni kuangalia nyayo. Ni lazima kila siku baada ya mazoezi, chini yote na katikati ya vidole. Kwa tumbo langu kuinama ni kazi. Faith alininunulia kioo kidogo, nikawa nakiweka sakafuni barazani na kupitisha mguu juu yake, nikipinda shingo kama kuku. Baba Faith alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake jioni hadi jioni. Siku moja, jua halijazama, alizima redio.

"Unaangalia nini na hujaona? Leta hapa."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, nikaweka mguu wangu mapajani mwake, upande ule wa goti lisilo na mguu chini yake. Alivaa miwani yake ya kusomea. Alianza na kisigino. Alipitisha kidole gumba chini ya unyayo wote, polepole, akatenganisha vidole vyangu kimoja kimoja, akakaa kidogo kwenye kile kisicho na kucha. Sikuhisi chochote. Nilimwona tu akinishika. Ilikuwa imepita miaka miwili na zaidi bila yeye kunigusa, na ilinibidi nitazame ndipo nijue.

"Uko sawa," alisema. "Leta ule mwingine."

Akaangalia na ule. Ikawa kazi yake. Nikirudi kutoka jimu nakuta ameshaweka kigoda. Aliongea kidogo, mara nyingi habari za malori, au Afande amesema nini, au leo ni dakika ngapi. Siku niliyomwambia thelathini alisema, "Haya, sasa usiongeze," akaendelea kutazama.

Kisha ikafika jioni moja mwishoni mwa mvua. Alimaliza miguu yangu, akaishusha, lakini hakuvua miwani. Aliinama akaanza kuvuta soksi yake mwenyewe. Niliangalia pembeni, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kisha nikahisi uzito juu ya magoti yangu. Alikuwa ameniwekea mguu wake wa kulia.

"Na wewe angalia," alisema. Alikuwa anatazama barabara.

Nilianza na kisigino kama anavyofanya yeye. Ngozi ilikuwa kavu, ngumu kama ganda la mti, kucha ndefu. Nilitenganisha vidole. Kati ya kile kidogo na jirani yake kulikuwa na ufa mwembamba wenye unyevu, mwekundu kwa ndani, urefu wake kama punje ya mchele. Niliubonyeza pembeni. Hakushtuka.

"Kuna kitu," nilisema.

Trela moja ikapita huko chini ikielekea mpakani, ikabadilisha gia kwenye kilima, na safari hiyo hakuitaja ni ya aina gani.

"Kikubwa?"

"Kidogo. Lakini kesho tunaenda Busia."

Nilidhani atavuta mguu. Aliuacha palepale mapajani mwangu.

"Tutoke saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili. Tukichelewa tutakaa mwisho wa benchi."

"Basi nitafutie shati," alisema.